Kwenda Mjini: Barabara ya Rwagasore na Bustani ya Bujumbura

Bibi yangu anaishi Buyenzi, ndani ya jiji la Bujumbura. Akitoka mlangoni kwake na kutembea kwa hatua zake za kizee, baada ya nusu saa hivi atakuwa mbele ya mabenki na maduka makubwa ya katikati ya jiji. Hata hivyo, kila anapojitanda mtandio kwa safari hiyo husema, "Ninakwenda mjini." Majirani zake nao husema hivyo hivyo. Nilipomtembelea Julai 2023 nilimwuliza: kwani Buyenzi si mji? Akacheka. "Mume wangu," akaniambia, kwa utani ule wa bibi na mjukuu, "Buyenzi ni nyumbani. Mjini ni kule."

Insha hii inahusu hilo "kule".

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji na ninasoma historia, mwaka wa pili. Bibi ninayemtaja ni dada wa babu mzaa baba. Baba yao alitoka Ujiji katika miaka ya 1930 akiwa na mzigo wa dagaa wakavu, akafika Usumbura, akaoa na kubaki. Babu alipokuwa kijana alirudi Ujiji. Dada yake, aliyezaliwa mwaka 1949, hajahama Buyenzi mpaka leo.

Safari yenyewe si ndefu. Unapanda hadi Manyovu, unavuka mpaka na kuingia Mugina, kisha unashuka ziwani na kufuata ufuko kupitia Nyanza-Lac na Rumonge. Kama kilomita kumi kabla ya Bujumbura kuna jiwe kubwa la Mugere lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Abiria mwenzangu alinieleza kwa fahari kwamba hapo ndipo wazungu wale wawili walipokutana kwa mara ya kwanza. Sisi wa Ujiji tunajua walikutana wapi, maana mwembe tumeonyeshwa tangu tukiwa shule ya msingi. Mugere walifika baadaye, wakiwa pamoja, walipokuwa wanachunguza upande wa kaskazini wa ziwa. Lakini nilinyamaza. Mgeni haanzi na ubishi.

Siku niliyoichagua kwenda mjini ilikuwa Jumamosi, na hilo lilikuwa kosa langu. Jumamosi asubuhi Burundi nzima hufanya kazi za maendeleo ya jamii: watu wanafyeka, wanazibua mitaro, wanabeba mawe, na maduka hayafunguliwi mpaka kazi imalizike. Tulisubiri. Ilipokaribia saa tano tulipanda bajaji, lakini haikutufikisha. Tangu Machi 2022 bajaji, pikipiki na baiskeli za abiria zilikuwa haziruhusiwi kuingia katikati ya jiji. Dereva alitushusha ukingoni, akageuza. Bibi hakulalamika. Alishika mkono wangu na kusema kwamba mjini siku zote kumekuwa na mahali pa kushukia.

Kauli hiyo ilinikaa kichwani siku nzima, kwa sababu ina historia ndefu kuliko bajaji.

Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi hapa, kando ya ziwa, mwaka 1897. Jina waliloliandika kwenye ramani walilitoa vinywani mwa watu waliofuatana nao, yaani askari, wapagazi na wafanyabiashara, na watu hao walizungumza Kiswahili. Tunaosoma sarufi tunaujua utaratibu wake: nchi hupewa kiambishi U-. Unyamwezi, Uganda, Urundi. Wenyeji waliposema Burundi, Mswahili alisema Urundi. Waliposema Bujumbura, yeye akasema Usumbura. (Wapo wanaosimulia kwamba jina Bujumbura lilitokana na soko la viazi vitamu, ambavyo kwa Kirundi ni ibijumbu. Siwezi kuithibitisha hadithi hiyo, ila naipenda, maana inaanza na soko.) Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia makao yao Gitega. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwafukuza, na baada ya vita wakaifanya Usumbura kuwa makao makuu ya Ruanda-Urundi yote.

Ni Wabelgiji waliolitengeneza lile "kule". Wazungu walikaa Rohero, ardhi inapoanza kuinuka kuelekea milimani na upepo unapopita. Wahindi, Waarabu na Wagiriki wenye maduka walipewa eneo lao karibu na bandari, na sehemu hiyo hadi leo inaitwa Asiatique. Waafrika walipangiwa Buyenzi, kijiji cha Waswahili, na Bwiza, mtaa ambao bibi bado anauita Belge. Buyenzi ilipimwa kama daftari la hesabu: mistari iliyonyooka, viwanja sawasawa, na njia zilizopewa namba badala ya majina. Ukimwuliza mtu wa Buyenzi anakaa wapi, atakutajia avenyu ya ngapi.

Mchana Mwafrika alikwenda mjini kufua, kupika, kubeba mizigo na kuuza samaki mlangoni. Jioni alirudi. Nilimwuliza bibi kama kulikuwa na tangazo lililokataza kubaki. Alisema yeye alikuwa mtoto, hakusoma tangazo lolote. Alichokumbuka ni mama yake akitazama jua. "Jua likifika usawa wa milima ya Kongo, mama alikuwa ameshafunga kapu."

Tuliingia kwenye barabara kuu ya biashara kutokea upande wa maduka ya vitenge. Jina lake ni Chaussée Prince Louis Rwagasore. Ni barabara pana, yenye majengo ya ghorofa chache, baraza za kujikinga na jua, maduka ya dawa, ya simu, ya viatu, na wabadilishaji fedha. Bidhaa zinatoka Dubai na China kupitia Dar es Salaam, na nilicheka nilipoona katoni zenye anwani ya Kariakoo. Kiswahili kilikuwa kila mahali. Mteja akiingia huanza kwa Kirundi, mwenye duka anajibu kwa Kifaransa kidogo, na bei inapoanza kugombaniwa wote wawili wanahamia Kiswahili.

Mtu aliyepewa barabara hii alizaliwa Gitega mwaka 1932, akiwa mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Watoto wa shule Burundi wanafundishwa habari zake kwa tarehe chache. Tarehe 18 Septemba 1961 chama chake cha UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64. Mwisho wa mwezi huo akawa Waziri Mkuu. Tarehe 13 Oktoba 1961, akiwa kwenye chakula cha jioni katika Hoteli Tanganyika, ufukweni mwa Usumbura, alipigwa risasi na Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis. Alikuwa na umri wa miaka 29. Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama siku moja kabla ya uhuru, na viongozi wa chama pinzani waliohusishwa na njama hiyo walinyongwa Januari 1963. Kuhusu sehemu ya Wabelgiji katika mauaji hayo, mjadala haujafungwa. Serikali ya Burundi iliwatuhumu waziwazi mwaka 2018, na mwandishi Mbelgiji Ludo De Witte alichapisha kitabu kizima juu ya suala hilo mwaka 2021.

Hayo yote ni kweli na ni mazito. Lakini hayaelezi kwa nini barabara ya maduka ndiyo iliyomfaa zaidi kuliko barabara nyingine yoyote. Sidhani kama waliompa jina walifikiri hivyo. Pengine walitaka tu njia kubwa kuliko zote. Jibu liko miaka minne nyuma, na linapita Buyenzi.

Rwagasore alirudi kutoka masomoni Ubelgiji mwaka 1956. Mtoto wa mfalme wa wakati ule alitarajiwa kuwa chifu, kukaa mlimani na kupokea salamu. Yeye, mwaka 1957, alianzisha ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Mpango wake ulikuwa wa kawaida kabisa. Biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa Wazungu na Waasia. Mwafrika alinunua kwao kwa bei waliyoitaka na kuwauzia kwa bei waliyoipanga. Kama wachuuzi wangeunganisha fedha zao, wangeweza kuagiza wenyewe na kuuza wenyewe. Waliomsikiliza mapema kuliko wengine walikuwa wafanyabiashara Waswahili wa Usumbura, watu wa Buyenzi na Belge. Walikuwa Waislamu wengi, wenye ndugu Ujiji, Kigoma na Uvira, waliozoea kusafirisha mzigo na kukopeshana. Warundi wa milimani waliwaona kama wageni. Wabelgiji waliwaona kama watu wa kuangaliwa kwa makini. Mtoto wa mfalme alikaa nao kwenye mikeka.

Ushirika haukufanikiwa. Uliingia kwenye madeni makubwa, na utawala wa Wabelgiji, ambao tangu mwanzo uliutilia shaka, ulipata sababu ya kuubana. Wapo wanaomlaumu Rwagasore kwamba hakujua hesabu, na huenda wana haki. Lakini mtandao ule wa watu haukufa pamoja na duka. UPRONA iliposimama, watu wa vitongoji hivi walikuwa miongoni mwa wanachama wake wa kwanza na wenye kelele zaidi mjini. Nyerere, ambaye TANU yake ilikuwa imeshapita njia ya namna hiyo, alikuwa rafiki yake. Mwaka 1960 Wabelgiji walipitisha kanuni ya kuwazuia ndugu wa karibu wa mfalme kushika nafasi za kisiasa, kisha wakamweka Rwagasore kizuizini nyumbani. Mwaka uliofuata, Umoja wa Mataifa ukiwa unawatazama, walilazimika kumwachia ashiriki, na akashinda.

Nilitamani sana baba yake bibi awe mmoja wa wanaushirika wale. Nilikuwa nimeshaandika kichwani sentensi ya kusomea wenzangu darasani. Nilimwuliza bibi tukiwa tumesimama kwenye kivuli cha baraza la duka la vitenge. Alifikiri kidogo, akakataa. "Baba aliuza ndagala kwa fungu. Hisa angelipia nini?" Halafu akaongeza kwamba jirani yao wa upande wa kulia, fundi cherehani, alikuwa na kikadi alichokitunza ndani ya Kurani, na watoto walikatazwa kukishika. Kilikuwa kikadi cha ushirika au cha chama, hajui. Ndivyo ilivyo kazi ya historia: unakwenda kumtafuta babu yako, unakutana na kikadi cha jirani.

Kutoka barabara ya Rwagasore tulikata kuelekea bulivadi ya Uprona, ambako iko bustani ya umma. Kwa hiyo mtu na chama chake wamewekwa jirani, na unaweza kutembea kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine bila kutoka jasho. Bustani si kubwa kama nilivyodhani. Ina miti mirefu yenye kivuli kizito, nyasi, njia za kutembelea, na vijana wanaokimbia wakiwa wamevaa jezi. Siku hiyo kulikuwa na maharusi wawili waliokuja kupiga picha, kila mmoja na msafara wake, na wapiga picha walikuwa wanagombania mti mmoja. Tuliketi. Bibi alivua viatu.

Hapo ndipo aliponisimulia Oktoba 1961, bila mimi kumwuliza. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Habari ilifika Buyenzi kabla ya alfajiri. Hakukumbuka ilifikaje. Alikumbuka kwamba wanaume walitoka msikitini wakasimama barabarani na hawakwenda kazini, na kwamba mama yake hakufunga kapu siku hiyo. Wanawake walilia kama wanavyomlilia mtu wa ndani ya nyumba. Mtoto wa jirani aliuliza kama sasa uhuru hautakuja, akapigwa kofi. "Hakuna aliyemjibu," bibi alisema. "Kofi ndilo lililokuwa jibu."

Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962. Siku ile ile ramani ilisahihishwa: Urundi ikawa Burundi, Usumbura ikawa Bujumbura. Kiambishi chetu kiliondolewa, kile cha wenyeji kikarudi mahali pake. Ilikuwa haki, mwenye nyumba ndiye anayeita nyumba yake. Hata hivyo, nikiwa mwanafunzi wa Kiswahili nakiona kitu kingine pia. Watu waliomsaidia mkuu yule kuanza, wale wa mikeka ya Buyenzi, waliamka asubuhi ya uhuru na kukuta matamshi yao ndiyo yamekuwa ya kigeni. Nilimwambia bibi jambo hilo. Hakuliona la kusikitisha. Alisema mama yake aliendelea kusema Usumbura mpaka alipofariki, na hakuna aliyemfunga kwa hilo.

Yaliyofuata nchini humo ni mengi, na mengine mazito mno kwa insha ya mwanafunzi mgeni. Nitataja moja tu kwa kuwa linahusu njia hizi hizi. Aprili na Mei 2015, waandamanaji waliopinga muhula wa tatu wa rais walitoka mitaa ya pembeni siku baada ya siku, na kila siku polisi walihakikisha hawafiki katikati ya jiji. Waliofaulu, tarehe 10 Mei, walikuwa wanawake. Serikali hubadilika, bendera hubadilika, lakini katikati ya mji panabaki kuwa mahali pa kuzuiwa watu.

Ilipofika saa tisa nilidhani tutarudi kwa njia tuliyojia. Bibi alivaa viatu, akasema, "Leo tupite sokoni."

Nyumbani kwetu tunajua maana ya neno hilo kwake. Soko kuu la Bujumbura, lililokuwa hapo hapo katikati ya jiji, liliungua Jumapili asubuhi, tarehe 27 Januari 2013. Lilikuwa soko kubwa kuliko yote nchini, na maelfu ya wafanyabiashara walikuwa na bidhaa zao ndani. Magari ya zimamoto hayakutosha. Rwanda ilituma helikopta zije kusaidia kumwaga maji. Bibi alikuwa na meza ya vitenge humo kwa miaka mingi. Siku ile alisimama mbali pamoja na wenzake wakatazama moshi. Hakuwa na bima, na sehemu ya mzigo ilikuwa ya mkopo. Babu alimtumia fedha kutoka Ujiji mara mbili, mara ya tatu akazirudisha. Baadhi ya wachuuzi walihamia soko jipya ambalo watu hulitaja kama kwa Siyoni. Yeye alibaki nyumbani, akauza maandazi mlangoni. Kwa miaka kumi, kila alipokwenda mjini, alizunguka.

Soko lile ndilo, kwa maoni yangu, lililokaribia zaidi kile Rwagasore alichokitaka mwaka 1957: mamia kwa mamia ya watu wadogo wakinunua na kuuza wenyewe, katikati kabisa ya mji, si kwenye mlango wa jikoni wa mtu. Bibi, binti wa muuza ndagala kwa fungu, alikuwa na meza yake hatua chache kutoka barabara yenye jina la mkuu. Hakuna aliyeliita soko hilo kwa jina la Rwagasore, wala sijui kama kuna mtu aliyewahi kuliona hivyo.

Tulipofika tulikuta mabaki yamezungushiwa uzio, na ndani nguzo za saruji zimesimama bila cha kubeba. Majani yalikuwa yameota kwenye nyufa. Nje ya uzio, wachuuzi walikuwa wametandaza soksi, betri na vitambaa vya mezani, jicho moja kwa mteja na jicho moja kwa polisi. Bibi alisogea mpaka akashika uzio. Akaanza kuhesabu nguzo kwa kidole, kuanzia lilipokuwa lango, akinong'ona namba kwa Kiswahili. Alifika ya saba, akasita, akarudi mwanzo. Mara ya pili alifika ya tisa.

Msichana mmoja aliyekuwa akiuza vitambaa alimsogezea kindoo akikalie. "Mama, unatafuta nini?" aliuliza.

"Ninatafuta mezani kwangu," bibi alijibu. "Njoo unisaidie, wewe una macho."

Msichana aliacha vitambaa vyake, akasimama kando yake, na wakaanza kuhesabu upya.